Pesa za Mkwe kwa Jina Langu

Ninyi niliowaacha Jumapili iliyopita mmesimama nami nyuma ya ua wa jikoni, njooni tena karibu. Mguu wangu mmoja umekufa ganzi, leso nimejifunika mpaka puani, na upande wa pili wa makuti mkwe wangu Walta anafoka kwa Kijerumani mpaka kuku wamekimbilia chini ya mkorosho.

Kwa asiyekuwapo, nitasema kwa ufupi.

Binti yangu Caroline aliolewa na Walta, Mjerumani, fundi wa mabomba aliyestaafu, mwaka mmoja kabla ya yale machafuko ya Likoni. Kila baridi ikiingia kwao, yeye huja Diani akakaa miezi mitatu. Ni mtu mwembamba, soksi zimevutwa mpaka magotini, mkarimu kwa namna yake, na duniani hakuchukia kitu kama makato ya benki.

Mbu aliwavumilia. Jua lilimbabua pua, akacheka. Lakini siku akibadilisha hundi zake za wasafiri alirudi uso umemvimba. Hotelini walimpa bei ya kumwibia. Benki ilimkata kamisheni kwa kila hundi, hata hundi iwe ndogo vipi. Akaenda Mombasa kwenye mashine ya kutolea pesa kwa kadi: huku wakamkata, na benki yake ya Ujerumani nayo ikamkata kule, kwa pesa zile zile.

Mwishowe akapata dawa. Pesa zote za likizo azitume mara moja kabla hajapanda ndege, akatwe mara moja, ziingie katika akaunti ya mtu wa huku. Akishafika, zitolewe dirishani zikiwa shilingi tayari, basi.

Mtu gani? Caroline hakumwamini, alisema mkono wake unavuja. Akanichagua mimi, mama mkwe, kwa kuwa nyumba nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na akaunti, tangu enzi za marehemu mume wangu Ngala.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Sisi Waduruma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani ovyo. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akija huku, mimi napita kule. Anakokaa siingii. Na habari za pesa ndizo kabisa. Kuhesabu pesa za mkwe mbele yake ni kumvua nguo.

Walta alipopeleka mahari kwetu Samburu, shemeji yangu Fondo alimweleza haya yote. Nilidhani Mzungu atacheka. Hakucheka. Aliuliza maswali, akashika kila neno. Tangu siku ile, akiniona kwa mbali pale Ukunda, hugeuka akatazama ndani ya duka lililo karibu, hata duka lenyewe liwe la majeneza.

Basi Walta hakumwamini Caroline kwa pesa, lakini kila neno lililohusu pesa hizo alimpa Caroline huyo huyo aniletee.

Mwaka huu alituma laki nne. Kila wiki Caroline alikuja kwangu. "Mama, mkweo amepiga simu, mafundi wanataka kulipwa." Ni mafundi wa nyumba ya wageni ambayo Walta alikuwa akiijenga Galu, hivyo alivyosema. Sikuiona, maana mama mkwe aende kuchungulia nyumba ya mkwe akitafuta nini? Nilikwenda benki, nikatia sahihi, nikazifunga kwenye pindo la leso, nikampa. Sikuhesabu mbele yake wala sikudai risiti.

Sasa Walta amefika, na katika akaunti zimebaki elfu tatu na ushei.

Haya. Turudi kwenye ua.

Walta alifoka. Caroline akamjibu kwa Kijerumani hicho hicho, sauti laini kama anayembembeleza mtoto. Nilichoambulia ni "mama" na "hospitali". Walta akanyamaza ghafla.

Kisha nikasikia changarawe zinalia. Akaja mpaka kwenye ua, akanipa mgongo kama Fondo alivyomfundisha, akasema kwa Kiswahili chake cha ufukweni:

"Pole, mama. Pole sana."

Akaondoka.

Caroline akazunguka, akaingia jikoni, akakaa kwenye kibao changu cha mbuzi kana kwamba amekuja kunisaidia kukuna nazi.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Anataka pesa zake."

"Si zimelipa mafundi?"

"Ndivyo nilivyomwambia. Anasema yeye hajui fundi wala mjenzi. Mama, mzungu huyu amebadilika. Labda kwao amefilisika, mimi sijui."

"Na hospitali? Nimekusikia ukitaja hospitali."

"Nimemwambia una presha, asije akakuangusha kwa makelele yake."

Nikamwambia asante. Ndiyo, nilimshukuru. Nilimshika hata bega.

"Na ile pole?"

Caroline alichukua kipande cha nazi, akakitafuna taratibu.

"Anakupa pole mapema. Ijumaa anakwenda polisi."

"Polisi kwa nani?"

"Kwa mwenye jina, mama. Benki haimjui Caroline. Karatasi zote zina sahihi ya Umazi Ngala. Utalala ndani kule Kwale, na wajukuu wataniuliza bibi yuko wapi. Niwaambie nini? Bibi mwizi?"

Nikakaa chini, juu ya jiwe la kupondea, bila kuangalia lina nini.

"Lakini amesema kuna njia," Caroline akaongeza. "Umpe shamba, yaishe."

"Shamba lipi?"

"Kwani una mashamba mangapi?"

Nina moja. Lipo Mwabungo, upande wa juu wa barabara. Ngala alikata miwa Ramisi ujana wake wote, na kiwanda kilipofungwa alichukua kidogo alichopewa, akanunua mahali pale kwa Mdigo mmoja mwungwana aliyempunguzia bei kwa sababu Ngala alimsalimia mamake vizuri. Kuna mikorosho, minazi, kisima ambacho maji yake yana chumvi kidogo lakini ukizoea unayapenda. Chini ya mkorosho wa tatu kutoka kisimani, Ngala mwenyewe amelala.

"Caroline, kaburi la baba yako limo mle."

"Kaburi litakwenda wapi? Atalizungushia seng'enge. Wazungu wanapenda makaburi, huyapandia maua." Akapangusa mikono. "Babangu hajapata kupandiwa maua tangu afe. Atafurahi."

Niliinua mkono nimpige. Ukabaki juu, ukashuka wenyewe.

"Nitazungumza na Walta mwenyewe," nikasema.

Caroline akacheka kweli, cheko la kutoka tumboni.

"Wewe? Uzungumze na mkweo pesa? Uso kwa uso? Nenda basi, mama. Umkute amevaa kaptura."

*

Siku ya pili nilikwenda Samburu kwa Fondo. Ndiye mkubwa aliyebaki upande wa Ngala, ndiye aliyepokea ng'ombe wa mahari. Walta alitoa pesa, lakini Fondo alitaka ng'ombe wenyewe, wanunuliwe, waswagwe, watu wa barabarani wawaone.

Nilimkuta anapatana bei ya beberu na utingo wa lori. Alinipa mkono huku mwingine umeshika pembe.

"Hujambo, shemeji. Umekonda. Au ni leso?"

"Ni leso na mengine," nikamjibu.

Tulikaa barazani, nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri. Kila nilipofika mahali penye uchungu, alitikisa kichwa, akatema mate pembeni kwa adabu.

"Nataka ruhusa nimsemeshe mkwe," nikamwambia. "Mara moja tu. Toa mbuzi, toa maji, fanya kinachofanywa, nimuulize Walta kwa kinywa changu anachotaka."

Fondo akavuta kofia nyuma.

"Haiwezekani."

"Mbona Baya wa kule Mnyenzeni alimsemesha mkwewe nyumba ilipoungua?"

"Hapo moto ulikuwa umewaka. Kwako wewe moto uko wapi?" Akainama karibu. "Sikiliza, shemeji. Ukimsemesha Mzungu mambo ya pesa, umevunja heshima. Ukivunja heshima, umevunja ndoa. Ndoa ikivunjika kwa kosa la upande wetu, ng'ombe wanarudi. Wote."

Sheria hiyo sikuwahi kuisikia, na nimezeeka humu humu.

"Warudi basi. Wako wapi?"

Fondo aliinua macho kidogo tu, kisha akayashusha haraka. Nami nikatazama alikotazama. Nyumba yake, niliyoijua ya nyasi, ilikuwa na mabati mapya yanayong'aa mpaka machozi yalinitoka.

"Ng'ombe wako juu ya nyumba, Fondo?"

"Usiwe na ulimi mkali. Mvua ile ya El Nino ilitunyeshea mpaka kitandani."

"Na mimi nikafungwe ili usinyeshewe?"

"Nani amesema ufungwe? Toa shamba. Shamba ni udongo. Nitakuja mwenyewe nisimame shahidi, usionewe."

Nitawaambia aibu yangu: maneno hayo ya mwisho yalinipoza moyo. Mwanamke mjane akisikia mwanamume wa ukoo anasema atakuja kusimama, hata kama anasimama vibaya, anapumua. Nilikunywa maji yake, nikarudi Mwabungo.

*

Alhamisi walikuja kwangu asubuhi, Caroline, Fondo, na mtu nisiyemjua, kijana wa bara, shati jeupe, viatu vyeusi vya kung'aa ambavyo changarawe zetu zilivikwaruza na yeye akawa anavitazama kwa huzuni.

"Shikamoo, mathe."

"Marahaba. Wewe ni nani, mwanangu?"

"Onesmus. Natoka kwa wakili."

"Wakili wa nani?"

"Wa Walta, mama," Caroline akadakia. "Keti, Onesmus. Mama, hakuna chai?"

Nikawapikia chai. Naam, nilisimama jikoni nikawachemshia chai watu waliokuja kunichukulia shamba. Caroline akaonja, akakunja uso.

"Hukutia tangawizi."

"Caro, wacha bana," yule kijana akamwambia. "Chai ni chai."

Caro. Karani wa wakili anamwita mke wa mteja wake Caro. Neno lilinikwama kama mwiba wa samaki changu, lakini wakati ule nilikuwa na kiwewe cha pingu, sikuweza kumeza wala kutema.

"Walta mwenyewe mbona hakuja?" nikauliza.

Fondo akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Shemeji! Unataka mkweo aje akae meza moja nawe, mhesabiane mali? Una akili timamu?"

Kila nilipofungua kinywa, adabu zangu mwenyewe zilinirudia usoni kama mlango.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, Kiswahili nasoma magazeti haya haya na Biblia, Kiingereza najua "good morning, sir" na majina ya mboga. Nikasema nataka kusomewa.

"Mathe, hicho ni Kizungu cha mahakamani," Onesmus akasema. "Hata mimi kinanichapa. Kwa kifupi: mama ametoa shamba, deni limekwisha, hakuna kesi."

"Imeandikwa hivyo, deni limekwisha?"

"Kabisa. Hapa." Akaniwekea kidole mahali. Ukucha wake ulikuwa umepakwa mafuta.

"Na kaburi?"

Wakatazamana.

"Kaburi tumeliandika," Caroline akasema. "Hapo chini."

Nilikwenda ndani, nikavuta kasha la bati chini ya kitanda, nikatoa hati. Ngala aliifunga kwa kitambaa cha shati lake la kazi, na hadi siku hiyo kilikuwa na harufu yake, au mimi nilijidanganya. Nilirudi, nikatia sahihi. Nilitia polepole, kwa mwandiko wa mwalimu wetu wa zamani, herufi zote zikilala upande mmoja. Fondo akatia yake baada yangu. Onesmus akapuliza wino.

Kisha akampa Fondo bahasha, papo hapo, mbele yangu.

"Ya nauli," Fondo akaniambia.

"Nauli ya Samburu ni nene hivyo?"

"Nitapitia Kinango, kuna mgonjwa."

Caroline alikusanya vikombe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe, akavipeleka jikoni.

"Kesho utakuja benki, mama," akanong'ona. "Walta atamwambia meneja yamekwisha, mfunge ile akaunti. Wewe kaa kimya tu. Adabu zako zile zile. Mimi nitasema."

*

Benki ilikuwa baridi kwa ile mashine yao ya upepo, nami nilikuwa nimevaa leso mbili, nikafurahi. Meneja alikuwa kijana wa bara, Lennox, miwani, adabu nzuri. Alitupanga viti: Walta hapa, mimi pale, uso kwa uso, katikati meza na Caroline upande.

Nikachukua kiti changu, nikakigeuza kikatazama ukuta, nikakaa.

Meneja akashangaa. "Mama, mbona unageukia ukuta? Hapa hakuna mtu anakuhukumu. Relaks."

Nikasikia Walta akikohoa.

"Yeye mama mkwe," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi mkwe. Hii heshima. Kiti hivyo sawa."

Yule mtu aliyetaka kunifunga ndiye aliyenitetea kiti changu. Nilishangaa, lakini nikatazama ukuta. Ulikuwa na kalenda ya benki yenye picha ya ng'ombe wa maziwa, mnene, wa bara.

Walta akaanza kuzungumza na meneja kwa Kiingereza. Alizungumza kwa kirefu. Nilingoja lile neno la yamekwisha. Badala yake sauti ikawa inapanda.

"Mama," meneja akasema, "mzee anauliza hivi. Pesa alizituma mara moja ili asikatwe mara nyingi. Alisema zikae mpaka afike. Lakini wewe umetoa kila wiki. Kila unapotoa, kuna ada kidogo tunakata. Amejumlisha zile ada peke yake, zimemuuma sana. Nani alikwambia utoe kila wiki?"

"Meneja," Caroline akasema upesi, "mama yangu ana presha. Mimi nitajibu."

"Ngoja, madam. Nimemuuliza mama."

Nilimjibu meneja, maana meneja si mkwe wangu. Nilijibu ukutani, sauti ya chini.

"Yeye mwenyewe alipiga simu. Kila wiki. Za mafundi."

Meneja akatafsiri. Walta akasema neno moja, fupi.

"Anauliza mafundi gani."

"Wa nyumba ya Galu."

Meneja akatafsiri tena. Nikasikia kiti cha Walta kikilia.

"Anasema hana nyumba Galu, mama. Hana nyumba popote Kenya. Anakaa hotelini."

Nikamtazama yule ng'ombe wa kalenda. Alikuwa na kengele shingoni. Naikumbuka ile kengele mpaka leo, mkanda wake mwekundu.

"Mama amechanganyikiwa," Caroline akasema, na akaanza kumwambia Walta mambo kwa Kijerumani, upesi upesi, sauti ya kubembeleza ile ile ya uani. Lakini safari hii Walta alimkatiza. Akamgeukia meneja, akasema pole pole, na ndani yake nikalisikia tena lile neno, hospitali.

"Mama," meneja akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mzee anasema pole kwa ule upasuaji. Anasema kama pesa ulizitumia kujitibu, yeye hakudai. Ni mama yake. Anataka tu umwambie ni hospitali gani iliyokutoza laki nne, kwa sababu anaona wamekuibia. Na zikibaki, umrudishie zilizobaki."

"Upasuaji wa nani?"

"Wako. Wa tumbo. Msambweni, kisha Mombasa."

Mimi sijapata kupasuliwa. Watoto niliowazaa niliwazaa sakafuni. Hospitali ya Msambweni naijua kwa kupeleka wengine, mlangoni, nikiwa na bakuli la uji.

Nilielewa ile pole ya kwenye ua.

Sikuielewa yote mara moja. Ilinijia vipande vipande, kama mtu anayetoa vyombo kwenye kapu. Alipofoka hakuwa akinifokea mimi. Aliponipa mgongo alikuwa akinionea huruma. Polisi hakuwataja yeye.

Lakini nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha kushikilia, na nilikishika.

"Mwambie," nikamwambia meneja, "mimi sina deni tena. Pesa ziwe zilikuwa za mafundi au za hospitali, jana nimelipa."

"Umelipa vipi, mama?"

"Mama, nyamaza," Caroline akasema. Kwa Kiduruma. "Nyamaza hapo hapo. Unamvunjia mkweo heshima mbele ya watu."

Kwa miaka yote niliyoishi, neno hilo lingenitosha. Ningevuta leso, ningenyamaza, ningekufa na kimya changu wakanisifu matangani.

Niliinuka. Nikashika kile kiti kwa mikono miwili, kizito cha chuma, nikakigeuza. Kililia sakafuni mpaka watu wa dirishani wakatazama. Nikakaa. Nikaivua leso kichwani, nikaiweka mapajani, nikamtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu.

Alikuwa mzee. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilimdhania kijana kwa ile miguu yake. Macho yake yalikuwa ya buluu iliyochujuka kama leso ya kufulia, na mara tu yalipokutana na yangu aliyaangusha chini, haraka, kwa adabu, masikio yamemwiva wekundu.

"Walta," nikasema. "Nitazame."

Hakuthubutu.

"Nitazame, mwanangu. Nimeshavunja mimi, dhambi ni yangu. Nitazame."

Akainua macho.

"Jana nimekupa shamba la Ngala. Hati nimetoa, sahihi nimetia, karani wako ameondoka nayo, na shemeji Fondo shahidi. Mume wangu amezikwa mle. Nimekupa pamoja naye. Sasa leo unataka nini tena kwangu?"

Meneja alifungua kinywa atafsiri. Walta akamzuia kwa kiganja. Alikuwa amesikia, neno moja moja, midomo yake ikilifuata kila moja.

"Shamba gani, mama?"

Kwa mazoea tu, mazoea ya miaka, nikamgeukia Caroline anitafsirie.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa ofisi ulikuwa bado unajifunga wenyewe, taratibu, kwa ile springi yake, na kabla haujafika mwisho nilimsikia askari wa benki kule nje akisema, kwa furaha kabisa, kama anavyowaambia wateja wote:

"Karibu tena, mama."